Jina la mwajiri siyo pambo

Mnunuzi wa tangawizi aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hana haja tena ya kupanda milima ya Upare ili amjue anayemwuzia. Kabla ya kutuma malipo ya awali anaweza kufungua LinkedIn, mtandao wa wanataaluma ulioanza mwaka 2003, na kusoma mstari mmoja tu: mtu huyu anafanya kazi kwa nani? Mstari huo umekuwa na thamani ya fedha, na wapo wafanyabiashara wa Same wanaoujaza ovyo.

Chanzo ni urahisi. Mtandao humwachia mtu aandike mwajiri amtakaye, na akichagua kampuni iliyomo kwenye orodha, nembo yake hujitokeza papo hapo. Ipo njia ya kuthibitisha ajira kwa barua pepe ya ofisi, lakini kwa kazi nyingi ni hiari. Hivyo wakala wa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2008, anaweza kuonekana kama mtumishi wa Vodacom, ilhali yeye anaishi kwa kamisheni. Kibanda ni chake, mtaji ni wake na hasara ni yake. Anamgawia nani sifa ya jasho lake?

Mambo ni magumu zaidi Makanya, kwenye machimbo ya jasi. Dereva aliyeajiriwa na mwenye lori, ambaye naye amepewa kazi ya kusomba mzigo wa kiwanda cha saruji, amwandike nani? Jibu limo katika mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Aliyetoa maandishi hayo ndiye mwajiri. Kiwanda kinaweza kutajwa chini, katika maelezo, kama mteja. Kwa askari wa wanyamapori wa Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, hakuna utata: mwajiri ni TANAPA, Mkomazi ni kituo.

Wanaotetea majina makubwa husema jina dogo halifungui mlango. Hoja hiyo ina uzito kwa kijana anayetafuta kazi. Kwa muuzaji haina. Jina dogo lililosajiliwa BRELA mnunuzi anaweza kulitafuta na kulikuta. Jina kubwa la kuazima atalipigia simu na kuambiwa hawamfahamu. Hapo malipo ya awali husitishwa hadi mzigo ufike, au bei hukatwa kufidia wasiwasi, na anayeumia si dalali peke yake bali pia mkulima wa Mamba Myamba aliyekwisha kung'oa tangawizi yake.

Dalali aandike udalali, pamoja na jina la biashara kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Karani wa chama cha ushirika aandike chama chake cha msingi, siyo chama kikuu. Na aliyeacha kazi aweke mwezi alioacha. Benki inayopima ombi la mkopo haitapenda kukuta mwombaji bado anajiita meneja wa duka lililofungwa.