Binti Yairo alipewa chakula

Ndugu mwandishi, hoja ya William Wrede ya 1901, kwamba siri katika Injili ya Marko inahusu Yesu ni nani, umeieleza vizuri. Ila sisi wa Kilifi tunaisoma Marko 5 kwa jicho jingine tangu Aprili 2023, makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola. Yesu anamfufua binti wa Yairo, mtoto wa miaka 12, anakataza habari isijulikane, na papo hapo anaagiza mtoto apewe chakula. Pale msituni ilitolewa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo, wengi wamekufa kwa njaa. Mahubiri ya Mackenzie yalikuwa yakirushwa kwenye televisheni. Kilichofichwa ni njaa.

Halafu yule mwenye ukoma wa sura ya 1. Aliambiwa anyamaze, aende kwa kuhani akakaguliwe, maana kwa torati kuhani ndiye aliyethibitisha kupona. Hakusikia, akatangaza kila mahali, hata Yesu akashindwa kuingia mjini waziwazi. Mikutano yetu ya uponyaji huku Pwani (si yote, nakubali) humpa mtu kipaza sauti kabla hata daktari hajamwona.

Najua wachungaji watanijibu kwa yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyetolewa pepo, akaagizwa aende akasimulie. Kweli kabisa. Lakini alitumwa nyumbani kwake, kwa jamaa zake waliomjua tangu akilala makaburini, si jukwaani mbele ya kamera.