Barua Isiyoondoka



Wiki hii twaandika juu ya barua moja ambayo ingali yatuuma, maana kosa lilikuwa letu.

Binti wa ndugu yetu alikuwa akiomba nafasi chuoni. Akaja kwetu jioni, akafungua kompyuta yetu, akausoma ukurasa wa chuo hata akafika penye anwani ya barua pepe. Alipoibonyeza, dirisha lililofunguka halikuwa la Gmail aliyoizoea, bali la programu nyingine ya barua. Akauliza, "Ami, ndiyo hii?" Tukamjibu, "Andika mwanangu, barua ni barua." Akaandika, akaambatisha vyeti vyake, akabonyeza kutuma. Dirisha likajifunga, nasi tukamhakikishia kwamba imefika.

Baada ya siku kumi na mbili alipiga simu chuoni. Aliambiwa hakuna kilichopokewa, na muda wa maombi umekwisha. Tulipopekua, tuliikuta barua yake pamoja na vyeti vyote katika kikasha cha barua zinazosubiri kutumwa. Programu ile ilikuwa na akaunti yetu ya zamani, ambayo nywila yake tuliibadilisha kitambo tukasahau.

Tumejifunza kwamba kivinjari chenyewe hakiandiki barua. Anwani ya kubonyeza hufichwa nyuma yake neno "mailto", lililomo katika kanuni za intaneti tangu 1994. Kivinjari kilionapo neno hilo huuliza tu: ni nani tarishi wa nyumba hii? Asipokuwapo tarishi aliyeteuliwa ndani ya kivinjari, swali huenda kwa kompyuta, nayo humwita yule aliyewekwa kuwa chaguo-msingi, awe hai au awe maiti. Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu; nasi tulisafiria mpangilio uliowekwa na kijana mmoja miaka mingi nyuma.

Basi milango ya kurekebisha ni miwili. Wa kwanza ni wa kompyuta. Katika Windows, ingieni kwenye mipangilio, kisha programu, kisha programu chaguo-msingi. Tafuteni "mailto" na mchague programu mnayoitumia kweli. Wa pili ni wa kivinjari. Anayesoma barua zake katika Gmail kwa Chrome, aifungue Gmail, atazame mwisho wa upau wa anwani. Akiona alama ya almasi mbili zilizopandana, aibonyeze na aruhusu. Anayetumia Firefox aende kwenye mipangilio ya jumla, sehemu ya programu, na hapo kwenye "mailto" achague Gmail. Mlango mmoja hautoshi: anwani iliyomo ndani ya waraka wa Word hupitia mlango wa kompyuta, hata kama Chrome imekwisha kupangwa.

Kinyume chake pia hutokea. Kiungo kilichomo ndani ya barua hufunguka katika kivinjari tusichokitumia, tukadaiwa nywila upya na kudhani tumefungiwa. Dawa yake ni pale pale penye programu chaguo-msingi: chagueni kivinjari chenu, na mhakikishe kimeshika HTTP na HTTPS zote mbili.

Mkimaliza, jaribuni. Bonyezeni anwani yoyote ya barua pepe. Dirisha likifunguka, futeni anwani hiyo, wekeni yenu wenyewe, mtume. Kisha tazameni kikasha cha zilizotumwa, na mngoje mpaka iwafikie. Kujifunga kwa dirisha si ushahidi wa kufika kwa barua.

Wazazi wenzetu, watoto hutuuliza kwa sababu watuamini, na jawabu tulitoalo bila ya kujua huwagharimu wao. Binti yetu hakutulaumu hata kwa neno moja. Ataomba tena Septemba, naye ametutaka tuketi naye kama mwanzo. Tumekubali, kwa sharti kwamba safari hii hatutasema imefika kabla ya kuona kwa macho yetu.