Picha ya Yatima ni ya Nani?

Yuko kijana mmoja hapa Mnarani, sasa amepita miaka ishirini, ambaye sura yake ya utotoni ilifika Ulaya kabla yeye mwenyewe hajafika Mombasa. Alikulia katika nyumba moja ya watoto kwenye mwambao wetu huu wa Kilifi na Malindi, na kila mgeni aliyepita alimsimamisha juani, akampiga picha, akaenda nayo. Sura hiyo ilitiwa katika kalenda na kadi za kuombea fedha. Leo ukimwomba kijana huyo akuonyeshe picha yake moja ya alipokuwa mdogo, hana.

Ndugu msomaji, sina ugomvi na kamera. Najua wako wanaoona karaha, na mwenye kushika kauli hiyo kwa ajili ya Mungu simlaumu. Lakini miaka mingi imepita tangu Shekhe Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aandike risala ya kuhalalisha picha za kamera, akisema kwamba huko ni kukizuia kivuli tu, wala si kuumba. Na hata walio wakali katika jambo hili, wakitaka kwenda Hija hawana budi kukaa mbele ya fundi wapigwe picha ya pasi. Ugomvi wangu ni juu ya mwenye mali. Picha ya yatima ni ya nani?

Dini yetu ilikwisha kulikata shauri la nasaba. Zaid bin Haritha alikuwa mwana wa kulea wa Mtume (s.a.w.), hata watu wakimwita Zaid bin Muhammad, mpaka ilipoteremka Sura ya Ahzab ikaamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Zaid akarudishiwa jina la Haritha, na mapenzi hayakupungua hata chembe. Ndiyo sababu Waislamu wengi wa pwani huona uzito kuasili mtoto kwa njia ya mahakama, kwani huko mtoto huhesabiwa kama aliyezaliwa na hao waliomchukua. Sisi tuna kafala. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 uliitaja katika kifungu cha 20, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 nayo ikaipa nafasi yake. Kafala yataka mtoto ale, avae, asome, apendwe, na pamoja na hayo ajue yeye ni nani wa nani.

Hapo ndipo fundi picha anapoweza kupata thawabu. Jirani yangu mmoja analea watoto wawili wa marehemu dadake. Picha pekee ya mama yao ilikuwa ile ya kitambulisho, imefifia, naye huifunga kitambaani pamoja na hati ya shamba. Yule mdogo hamkumbuki mamake kabisa. Fundi mmoja akaichukua picha ile, akaisafisha, akaikuza, akaitia katika fremu, na alipoulizwa bei akasema hana haja na senti. Mtoto sasa hulala akiitazama. Kwangu mimi, picha ile moja yashinda kalenda elfu.

Wamarekani wana jambo lao ambalo nimelisoma nikalipenda. Mwaka 2001, katika mji wa Santa Fe, jimbo la New Mexico, wapiga picha hodari walijitolea kuwapiga watoto waliokuwa mikononi mwa serikali wakingoja wazazi, kisha picha zao zikatundikwa ukumbini kwa heshima, kama za watu wakubwa. Mpango huo waliuita Heart Gallery, ukaenea katika majimbo mengi. Nausifu, lakini sisemi tuunakili. Mtoto wa kule alihitaji kuonwa na mgeni ndipo apate nyumba. Wa kwetu aghalabu ana shangazi, ana mama mdogo, ana nyanya. Mtaa mzima unamjua. Alilolikosa ni kuiona sura yake mwenyewe katikati ya jamaa zake.

Na haja hiyo itazidi. Tangu 2022 serikali inao mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto katika nyumba za malezi na kuwarudisha kwa jamaa au kwa walezi. Mtoto atafika kwa nyanyake na begi lake na faili lake. Miaka yake sita au saba ya nyuma iko wapi? Imo katika simu za wageni waliokwisha rudi kwao.

Kwa hiyo nawaomba mafundi picha wetu, ambao siku ya Iddi hawapati hata nafasi ya kunywa chai: wekeni saa mbili za walezi na watoto wao, bila malipo. Watoto wavae nguo zao za Iddi, walezi wakae kando yao, na picha ichapwe kwenye karatasi, kwani simu huanguka baharini na yaliyomo yakapotea. Nyuma yake iandikwe jina kamili la mtoto, bin fulani au binti fulani, na tarehe. Msiidharau tarehe. Pale Gede liko kaburi lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na maandishi yale machache yamewafaa sana wataalamu waliotaka kuujua umri wa mji ule.

Kisha fundi asibakize nakala ya kutangazia duka lake. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa mwenye baba na mama analindwa hivyo, seuze yatima? Na mabinti waliokwisha baleghe wapigwe na mwanamke mwenzao. Mafundi wa kike sasa wako.

Nimekwisha zungumza na mafundi wawili. Mmoja amekubali, akaniuliza tu karatasi atanunua nani, nami nimemwambia tutachangishana msikitini. Wa pili amesema atamuuliza shekhe wake kwanza, na hiyo ni haki yake.