Ufa wa Tangi

Tangi la plastiki la madrasa yetu, la lita 1,000, lilipasuka chini, na maji yetu ya kutawadhia yakamwagika usiku kucha. Asubuhi tuliwakemea watoto, tukidhani wamelipiga mawe. Tukapaka gundi, siku ya pili ikabanduka yote.

Fundi alipokuja alitufahamisha kuwa matangi mengi ya namna hii hufanywa kwa polietilini, nayo haishikani vyema na gundi za kawaida. Dawa yake ni moto. Alimwaga maji yaliyosalia, akalikausha tangi, akatoboa tundu dogo katika kila ncha ya ufa ili usizidi kwenda mbele. Kisha akakwangua kingo, akaziyeyusha pamoja na utepe wa plastiki ya aina ile ile, hata vikawa kitu kimoja. Kazi hiyo aliifanya uwanjani, kwani moshi wake wadhuru.

Kabla ya kulirudisha, alitazama pale lilipokuwa limekaa, akaokota jiwe lenye ncha. Maji ya tangi lile likijaa yana uzito wa kilo 1,000, nayo yalikuwa yakilikandamiza juu ya jiwe hilo. Nasi wenyewe ndio tuliolitua pale bila ya kusawazisha mahali.

Tuliwaita watoto, tukawaomba radhi mbele ya wazee wao. Enyi wazazi, yatupasa kuziba ufa, lakini jiwe lisipoondolewa utarudi. Na kabla hatujamkemea mtoto, na tutazame kwanza chini ya tangi.