Kilichofichwa Ndani ya Jiko

Mwezi uliopita nililivunja jiko langu la makaa kwa nyundo. Nilikuwa nimelinunua kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya mengine yaliyopangwa kando yake, na kabla ya miezi minne kutimia kigae kilikuwa kimepasuka na bati limeanza kuliwa na moto. Nilichokikuta kati ya kigae na bati kilinitia hasira: mchanga na saruji, basi.

Jiko la aina hii, ambalo lilianza kutengenezwa humu nchini mapema katika miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, halikukusudiwa kuwa hivyo. Fundi mwaminifu hukishikiza kigae kwa saruji kidogo iliyochanganywa na vemikulaiti, yaani jiwe jepesi la jamii ya ulanga, ambalo likichomwa hufura na kujaa hewa. Ni hewa hiyo izuiayo joto lisitoroke. Mchanga na saruji ni vitu vizito. Hulifyonza joto ambalo lingeivisha maharagwe, kisha hulitoa nje kupitia batini. Kosa hili si geni. Majiko ya udongo na mchanga yaliyosifiwa mno kule Guatemala katika miaka ya 1970 yalipopimwa, aghalabu hayakuyashinda mafiga matatu.

Wako watiao jivu. Jivu huzuia joto vyema na halina gharama, nami silidharau. Lakini hushuka kila jiko linapobebwa, huvuja penye maungio ya bati, na kigae hubaki kikicheza.

Mafundi hujitetea kwamba mnunuzi hatazami ila bei. Ni kweli, na mimi ni shahidi. Lakini atatazamaje kitu kilichofunikwa? Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, makaa yalipanda bei ghafla, na aliyeumia ni mama anunuaye kwa gorogoro.

Kwa hivyo napendekeza kila fundi aweke alama yake batini na kutaja alichotia ndani. Wakaguzi wa viwango nao wapasue jiko moja moja sokoni, kama nilivyofanya, badala ya kuridhika na rangi ya nje. Hadi hapo, msomaji, liinue jiko kabla ya kulilipia: lililoshehenezwa mchanga hujulikana kwa uzito wake.