Mkimbiaji Aliyeumia Asitupwe

Ipo picha ambayo karibu kila mwananchi ameiona, au kama hakuiona amesimuliwa. Ni jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968, na giza limekwisha kuingia katika uwanja wa Olimpiki wa Mexico City. Mshindi wa marathoni, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza zaidi ya saa nzima iliyopita. Watazamaji wengi wamekwenda zao. Ndipo aingiapo mtu mmoja mwenye bandeji mguuni, akichechemea, mara akitembea, mara akikimbia, hata akaufikia mstari wa mwisho. Huyo ni John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Alikuwa ameanguka njiani katika msongamano wa wakimbiaji, goti likateguka na bega likaumia. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza walikuwa 57, na yeye ndiye wa 57, kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa na maana hii, kwamba nchi yake haikumpeleka mbali kote kule aanze mbio tu, bali azimalize.

Hatuna neno la kupunguza sifa hiyo, na atakayejaribu kuipunguza tutakuwa wa kwanza kumpinga. Lakini twauliza: ni wangapi kati yetu wajuao aliyoyafanya mtu huyo huyo mwezi wa Julai 1970? Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh alikimbia marathoni akawa wa tano, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 5. Kweli, Mexico City iko juu, yapata mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Edinburgh iko pwani. Nyakati hizo mbili hazipimwi kwa kibaba kimoja. Hata hivyo, mtu aliyetoka uwanjani akiwa amefungwa mguu alisimama, baada ya miezi 21, miongoni mwa watano walio bora wa Jumuiya nzima.

Bandeji twaikumbuka, miezi 21 tumeisahau. Huo ndio upungufu wetu, na madhara yake yaonekana katika viwanja vya shule na barabara za wilaya zetu. Vijana wamefundishwa kwamba ushujaa ni kukimbia juu ya maumivu. Hawakufundishwa kwamba kupona nako ni kazi, tena kazi yenye ratiba, yenye mwalimu, na yenye kuchosha moyo kuliko mazoezi yenyewe. Kumaliza mbio ya Olimpiki ukiwa umeumia ni jambo litokealo mara moja katika maisha ya mtu. Kukimbia ukiwa umeumia Jumatatu, na Jumatano, na Jumamosi tena, ni kujiharibu, wala hakuna taifa lililomtuma mtu kufanya hivyo.

Tuzitazame Handeni na Korogwe. Hatudai kwamba wilaya hizi ni Mbulu au Hanang', mahali palipoinuka ambapo pumzi ya mkimbiaji hujengeka tangu utoto. Korogwe imekaa katika bonde la Mto Pangani, na jua lake latosha kumlaza mtu chini ya mwembe kuanzia saa nne asubuhi. Atakaye kufanya mazoezi huko hana budi kutoka saa kumi na moja alfajiri. Lakini joto nalo ni mwalimu. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia katika hali ya joto na unyevu, akimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, naye akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano hayo. Tena Korogwe ina kitu ambacho miji mingi haina: njia za mashamba ya mkonge, zilizonyooka, za udongo laini, zipitazo Magunga na Ngombezi na Mnyuzi. Udongo ule humhurumia mkimbiaji kuliko lami. Hata barabara ya kwenda Handeni, kilomita 65 hivi, sasa ni ya lami, na vijana huipenda kwa sababu ni nyepesi mguuni. Ni nyepesi siku ile. Baada ya miezi mitatu muundi ndio ulipao deni.

Tuseme basi yuko kijana wa Korogwe, mkata mkonge katika shamba mojawapo. Ameshinda mbio za kata, ameshinda za wilaya, na jina lake limeandikwa kwenda mkoani. Yamebaki majuma matano. Anaanza kusikia maumivu katika muundi, juu kidogo ya kifundo, mahali padogo pawezapo kufunikwa kwa kidole kimoja. Mwalimu wake amwambia ajikaze. Jirani amkanda kwa maji ya moto. Rafiki ampa vidonge vya maumivu, naye akimeza asubuhi aweza kukimbia kilomita kumi bila kusikia kitu, kwa maana kidonge hunyamazisha maumivu, hakiungi mfupa. Siku ya mashindano afika nusu ya njia, na ule ufa mwembamba uliokuwa mfupani sasa ni mvunjiko kamili. Msimu unaofuata mwalimu ana kijana mwingine. Huyu wa kwanza hata kazi ya kukata mkonge imemshinda, na hapo wanyumba wake wote wameumia pamoja naye.

Je, kisa hiki ni kigeni kwa msomaji ye yote? Twadhani kila mmoja aweza kutia jina la mtu amjuaye.

Na tueleze sasa jinsi mambo yalivyo, kwa kuwa ujinga ndio ulio chanzo cha hasara hii kuliko ubaya wa moyo. Ufa wa mfupa wa muundi, ukitambuliwa mapema, kwa kawaida huhitaji majuma sita hadi manane ya kutokimbia kabisa. Mwingine hutaka zaidi. Picha ya eksirei katika siku za kwanza mara nyingi haiuonyeshi, hivyo mtu asirudi nyumbani akisema daktari hakuona kitu. Kano, yaani ule mshipa mgumu uliopo nyuma ya kisigino, hupata damu kidogo, na kwa hiyo hupona polepole sana. Hesabu yake ni miezi. Kifundo kilichoteguka leo chataka kitambaa cha maji ya baridi, kufungwa, na kuinuliwa juu. Maji ya moto na kukandwa kwa nguvu siku hiyo ya kwanza huzidisha uvimbe. Twajua bibi zetu watatukasirikia kwa neno hili, lakini ndivyo ilivyo.

Jambo la pili ndilo liwadanganyalo wengi. Mkimbiaji anaporudi mazoezini baada ya mapumziko, moyo na mapafu hupata nguvu upesi, bali mifupa na kano huchelewa. Kwa hiyo katika juma la pili hujisikia mwepesi kama zamani, akakimbia kama zamani, na katika juma la nne amelala tena kitandani. Njia iliyo salama ni kutembea kwanza nusu saa bila maumivu, siku kadhaa. Halafu kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, kwa kurudia, siku moja mazoezi na siku moja mapumziko. Kisha dakika za kukimbia zaongezwa na za kutembea zapunguzwa, na mbio za kasi huja mwisho kabisa. Hakimu wa kazi hiyo ni asubuhi ya kesho yake: mguu ukiamka na maumivu, kipimo kilikuwa kikubwa mno. Katika majuma ya kutokimbia baiskeli yaweza kuutunza moyo, na baiskeli haikosekani Korogwe. Wenzetu wa nchi nyingine huogelea. Sisi hatumshauri mtu akaogelee katika Mto Pangani wenye mamba.

Tena adui wa mkimbiaji si mguu peke yake. Filbert Bayi, ambaye tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 sekunde 32.2 na kuvunja rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo hata mwisho, na mwaka uliofuata akavunja rekodi ya maili kule Kingston, alishikwa na malaria mwaka 1976 kabla ya michezo ya Montreal. Tanzania ilisusia michezo hiyo pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kuzuru Afrika Kusini ya makaburu, na watu wakakumbuka ususiaji wakaisahau homa. Bayi hakutupwa. Mwaka 1978 alipata fedha ya mita 1,500 kule Edmonton, na mwaka 1980, mjini Moscow, alishindana katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akapata nishani ya fedha kwa dakika 8 sekunde 12.48. Nishani hiyo pamoja na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000 ndizo mbili tu ambazo nchi yetu imepata katika Olimpiki hata michezo ya Paris ya 2024. Tumtupe mkimbiaji kwa sababu ya homa?

Wakazi wa Korogwe wanaijua malaria kuliko sisi tuandikao. Wilaya yao ilikuwa mojawapo ya mahali 11 katika Afrika palipofanywa majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, na watoto wao walitoa damu ili dunia nzima ijue. Mwalimu wa michezo wa wilaya kama hiyo hana udhuru akimlazimisha kijana kukimbia siku tatu baada ya homa kushuka. Damu iliyopungukiwa na malaria haijazwi kwa kelele za kushangilia. Hujazwa kwa dawa iliyomalizwa, kwa dagaa na maharage na mboga za majani, na kwa siku.

Hapa twafika mahali pagumu. Ni rahisi kumwambia mtu apumzike. Lakini mapumziko ya maskini ni nini? Huko Handeni, ambako shida ya maji imejulikana kwa miaka mingi, binti mwenye goti bovu aambiwa asikimbie, naye atii, kisha ajitwika ndoo ya lita 20 kutoka kisimani mpaka nyumbani. Huyo hakupumzika. Mkata mkonge aliyeambiwa asikimbie aenda shambani kutwa nzima akiinama na kuinuka, kwa sababu hulipwa kwa kadiri ya alichokata. Naye hakupumzika. Kwa hiyo neno la daktari halitoshi. Lataka msaada wa nyumba na wa kazini. Tukiwatazama wakimbiaji wetu waliofika mbali, Bayi, Juma Ikangaa, na Simbu wa leo, twaona wote walikuwa askari wa jeshi. Nguvu zao ni zao wenyewe. Lakini mshahara wao haukukatika siku mguu ulipouma. Msimamizi wa shamba la mkonge hawezi kuwa jeshi, hilo twalijua. Aweza hata hivyo kumhamisha mkimbiaji wake kwenye mizani au kwenye ghala kwa miezi miwili, na wafanyakazi wenziwe waweza kulisema jambo hilo katika kikao chao kabla yeye mwenyewe hajalazimika kuomba.

Juu ya binti twaongeza neno moja, nalo twalisema kwa heshima. Msichana akimbiaye sana na kula kidogo, akakosa siku zake miezi mitatu mfululizo bila kuwa na mimba, mifupa yake iko hatarini. Walimu wengi ni wanaume, nao huona haya kuuliza. Basi kila timu na iwe na mama mmoja, mwalimu au muuguzi, ambaye binti aweza kumwambia bila kuchekwa. Gharama yake ni nini? Hakuna.

Kuna wasemao kwamba vijana ni wengi, akiumia mmoja yuko mwingine. Hesabu hiyo ni ya mchuuzi wa maembe. Mkimbiaji wa mbio ndefu hajengwi kwa msimu mmoja. Miaka mitano, sita, saba ya alfajiri imo ndani ya mguu ule. Akhwari alipokwenda Edinburgh alikuwa na umri wa miaka 32 hivi. Kama baada ya Mexico wangesema amekwisha kuzeeka, goti limekufa, tutafute mtoto wa shule, nafasi ile ya tano isingekuwako. Wahunzi husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na twawaomba viongozi wa michezo walichukue neno hilo kama kanuni ya kazi: jina la aliyeumia lisifutwe katika timu kabla ya mwaka mmoja kupita, na nauli ya kwenda hospitali ya Magunga na kurudi iwekwe katika hesabu ya timu kama ziwekwavyo fedha za jezi.

Mashindano ya shule yarudi kila mwaka, na mbio za barabarani zimeenea nchi nzima. Basi la kwenda Moshi, kwenye marathoni ya Kilimanjaro, hupita Korogwe mlangoni. Muda si muda walimu wa Handeni na Korogwe watakaa mezani kuandika majina. Kabla ya kuandika jina jipya hata moja, wachukue orodha ya mwaka jana, walisome jina moja moja, na kwa kila asiyeonekana uwanjani waulize yuko wapi, na mguu wake waendeleaje.