Picha za ngono: Sheria inambana anayesambaza, anayetazama nani anamsaidia?

Gongo la Mboto ya leo, kijana mwenye simu na bando haendi tena kibanda cha video kutafuta picha za ngono. Anajifungia chumbani tu.

Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Waziri wa Habari wakati huo, Jerry Silaa, alitaja maudhui ya ngono kuwa sababu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inamlenga anayesambaza: faini isiyopungua Sh20 milioni, jela isiyopungua miaka saba, au vyote.

Anayetazama peke yake hafikiwi na kifungu hicho. Ukristo ndipo unapoanzia: Mathayo 5:28 inahesabu uzinzi tangu moyoni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2354, inasema picha hizo zinamgeuza binadamu kuwa kitu cha starehe ya mwenzake.

Mafundisho yapo. Shida ni kwamba yakiishia kwenye kukemea madhabahuni, aliyenasa atazidi kujificha. Nani atajitaja, wakati jioni mtaa mzima utakuwa unajua? Mchungaji, padri au mzee wa kanisa anayesikiliza na kutunza siri atamsaidia kuliko mahubiri kumi ya vitisho.